Chuma Ana Jambo

Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili, na hao wawili lazima wasikilizane. Mmoja anashika pembe mbili za huku, mwingine pembe mbili za kule, wanarudi nyuma mpaka shuka linanyooka kati yao kama ubao, kisha wanalivuta kwa pamoja, pwa! ili makunyanzi ya mashine yatoke. Halafu wanasogeleana, mikono inakutana, pembe zinakabidhiwa, mmoja anainama kuokota mkunjo wa chini, na kazi inaendelea. Anayevuta mapema anamyumbisha mwenzake. Anayechelewa analegeza shuka. Ndiyo maana katika chumba cha dobi cha hospitali ile msimamizi hakuwa mtu wa kubadilisha watu ovyo. Ukishapata wa kuvutana naye, umepata.

Chuma na Kibanio walikuwa wakivutana tangu Kibanio alipoolewa. Kibanio alikuwa mke wa kaka yake Chuma, kwa hiyo waliitana wifi, walikaa nyumba moja, na ni Chuma aliyemtafutia kazi ile. Majina hayo hawakupewa na wazazi wao, ni ya kazini. Chuma alikuwa mwanamke wa mifupa mipana, mjane wa siku nyingi, aliyebeba peke yake furushi la mashuka mabichi ambalo wenzake walilibeba wawili huku wanamtaja Mungu. Kibanio alikuwa mwembamba, na alimng'ang'ania wifi yake kama kibanio cha nguo kwenye kamba. Aliyewabandika majina hayo ni mwanamke wa mashine za kufulia, ambaye naye walimlipiza kwa kumwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Kibanio ndiye aliyejua mapema kuliko wote. Hakuambiwa na mtu, aliambiwa na shuka. Asubuhi moja walirudi nyuma kama kawaida, wakavuta, na shuka likamjia Kibanio laini, kana kwamba upande wa pili limefungwa kwenye tawi na tawi limepinda. Akafikiri amekosea mwendo. Wakavuta lingine. Likaja vilevile.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Vuta, usinitazame usoni, mimi si televisheni."

Wakaendelea. Lakini Kibanio alikuwa na macho. Akaona Chuma anashika pembe za shuka kwa viganja, siyo kwa vidole. Akaona nyumbani mfuniko wa chupa ya mafuta unaachwa wazi, kwa sababu ukifungwa hautafunguliwa tena. Akaona vifungo vya gauni la Chuma vinafungwa viwili tu, na mtandio unafunika vilivyobaki. Asubuhi alimsikia nyuma ya mlango akivuta pumzi kwa meno, kama mtu anayekanyaga makaa. Na kila akiuliza, jibu ni lilelile: sijambo, sijambo tu, vidole vimekasirika kidogo, labda ni sabuni hii mpya.

Siku Chuma alipomwangushia mgonjwa wa watu glasi ya maji pale korido, akabaki anaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine, Kibanio alimshika kiwiko akampeleka kwa daktari bila kumwomba ruhusa.

Daktari alikuwa dada mwenye sauti ya taratibu. Alimpima damu, akampiga picha za mifupa, akabonyeza vidole, viwiko, magoti, kila kiungo kwa upole. Majibu yalipotoka akamweleza kwamba ni baridi yabisi, ile kali, mwili wenyewe unavigombeza viungo vyake. Dawa zipo na zinasaidia. Zitautuliza ugonjwa na kuuzuia usiharibu zaidi. Kuutoa kabisa, hapana.

"Mpaka lini?" Chuma akauliza.

"Utaishi nao, mama."

"Yaani nimepata mke mwenza. Mimi nisiye hata na mume."

Daktari alicheka, akajizuia, kisha akaona Chuma mwenyewe anacheka, wakacheka wote watatu mpaka nesi akachungulia. Kibanio alitoka pale moyo mwepesi. Alifikiri, huyu ni Chuma, huyu atauvaa ugonjwa kama anavyovaa aproni.

Kumbe kicheko kile kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Chuma aliporudi nyumbani alilala akaugeukia ukuta. Mara ya kwanza Kibanio alidhani ni uchovu. Siku zikafuatana, mgongo ni uleule. Dawa alikunywa, kwa sababu aliletewa. Chakula alionja, kwa sababu alibembelezwa. Ukimsemesha anajibu ukuta. Na hapo ndipo Kibanio aliposhikwa na hofu ya kweli, kwa sababu jambo hilo alilifahamu. Mama yake mzazi aliugua mgongo zamani, ugonjwa wa kuumiza, si wa kuua, na watu wazima wenzake waliishi nao mpaka wakazeeka. Lakini mama yake alilala akaukabili ukuta na hakugeuka tena. Watu walisema mgongo umemwua. Kibanio, aliyekuwa akimpelekea uji, alijua kwamba mgongo haukumwua. Mama aliondoka kabla ya mgongo. Sasa kila akiingia chumbani kwa Chuma macho yake yalitafuta kitu kimoja tu: amegeuka au hajageuka?

Wageni hawakusaidia. Walikuja kwa mapenzi, na walikuja na pole. Pole mama, pole dada, pole sana, pole mno. Majirani walileta pole, na Redio alipokuja alileta za chumba kizima cha dobi akazitoa moja moja kwa majina. Walipoondoka Chuma akauambia ukuta, "Hizo pole zote mngezishona pamoja zingetosha godoro."

Kibanio aliishika sentensi hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu. Alimwambia mumewe jioni ile: "Leo kasema utani."

Mumewe, kaka yake Chuma, alikuwa fundi wa vioo, mtu mkimya, na tangu dada yake alipolala alikuwa akitembea nyumbani kwa ncha za vidole kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Kasemaje?" akanong'ona.

"Kwa nini unanong'ona?"

"Sijui," akanong'ona tena.

Kilichomuuma Kibanio zaidi ni sala. Chuma alikuwa mwanamke wa sala, asubuhi na jioni, kwa magoti, paji la uso karibu na sakafu. Sasa magoti hayakupigika, na alikuwa ameacha kabisa. Kibanio alipomwambia Mungu hana shida na kiti, Chuma alimjibu kwa ukali, "Siwezi kuongea na Mungu nimejiegemeza kama niko barazani napiga soga."

Basi ikawa asubuhi moja Kibanio amebeba beseni la maji ya moto, yale ya kuloweka mikono ili ifunguke, akasikia sauti ndani. Akasimama mlangoni. Chuma alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, mikono imewekwa mapajani kama vitu vya kuazima. Alikuwa anasali. Lakini haikuwa sala aliyoizoea Kibanio, ile ya maneno yaliyopangwa.

"Baba, nimekaa. Unaniona nilivyokaa. Ukitaka nipige magoti, nipe magoti. Mimi ya kwangu yameisha. Sina maneno mazuri leo. Naumwa. Niliamka naumwa, nitalala naumwa, na nimekukasirikia, nawe unajua, maana hata nisiposema unajua. Na kitu kingine. Nimekuwa mwongo. Kila anayeniuliza hujambo namjibu sijambo, nawe umekaa hapo unasikia. Huo uongo ndio unaonichosha kuliko vidole. Vidole naweza kuvibeba. Kuvibeba na kuvificha, ndiyo siwezi. Basi. Amina. Wifi, ingia, maji yanapoa."

Kibanio akaingia, uso umelowa, sehemu kwa mvuke na sehemu kwa lingine.

Chuma aliingiza mikono kwenye beseni, akafumba macho mpaka maumivu yalipopungua. "Hebu lisikilize neno lenyewe," akasema. "Hujambo. Maana yake nini? Huna jambo? Nami najibu, sijambo, sina jambo. Wifi, mimi jambo ninalo! Ninalo kuanzia kidole hiki mpaka goti lile. Kesho narudi kazini, na atakayeniuliza, namjibu ukweli."

"Wifi, watu hawaulizi ili wajibiwe. Wanasalimia tu."

"Basi wapunge mkono."

Kibanio hakujua afurahi au aogope. Alifurahi kwa sababu Chuma alikuwa ameupa ukuta kisogo. Aliogopa kwa sababu kule kazini msimamizi wao hakuwa mtu wa huruma za rejareja. Walimwita Bwana Pasi, kwa suruali zake zilizokuwa na mstari wa kukata nyanya. Sheria yake ilikuwa moja: mgonjwa yuko wodini, mzima yuko kazini, katikati hakuna mtu. Na wakati Chuma amelala, Bwana Pasi alikuwa ameshampa nafasi yake binti wa shemeji yake, msichana mpole aliyevuta shuka kama anayepokea mtoto mchanga. Akisikia kwamba Chuma mikono yake haina nguvu, si ndiyo nafasi imepotea? Na akirudishwa nyumbani safari hii, Kibanio aliona wazi, atarudi kitandani, na ukuta uko palepale unamngoja.

"Jikaze kisabuni kidogo tu," akamsihi njiani kesho yake. "Sema sijambo, tuingie, mengine baadaye."

"Nimejikaza mpaka sabuni imeisha," Chuma akasema.

Mlangoni mwa dobi alikuwapo Redio, mikono kiunoni, meno yote nje. "Chuma! Jamani, Chuma! Umerudi? Hujambo?"

"Nina jambo," Chuma akajibu, wazi, kwa adabu, akapita.

Redio alibaki amesimama. Ni lazima kumtendea haki: Redio hakukusudia ubaya. Mtu akikwambia nina jambo, wewe utafahamu nini? Utafahamu ana neno la kusema, tena zito, na ataliweka hadharani muda si mrefu. Redio akamkimbilia. "Jambo gani, mwenzangu? La sasa hivi au la baadaye?"

Chuma, ambaye alidhani wanaongea lugha moja, akasema, "La sasa, la baadaye na la kesho. Hili haliishi leo." Akaenda kutundika mtandio wake.

Mashine za kufulia zikiwa zinazunguka huwezi kusikia kengele ya moto, lakini habari ya Redio ilipita. Chuma ana jambo. Kwenye mashine za kukaushia ikafika kuwa Chuma anaolewa, kwa maana mwanamke hawezi kulala ndani muda wote ule bila posa. Kwenye meza za kukunjia ikawa anaacha kazi. Na ilipomfikia Bwana Pasi kule kwenye kijumba chake cha kioo ilikuwa imekwishavaa sura nyingine: Chuma ana jambo na wewe, kuhusu yule binti wa shemeji yako, na jambo hilo linakwenda juu kwa wakubwa.

Bwana Pasi akatoka. Akaamuru mashine zizimwe. Hilo halikuwahi kutokea isipokuwa umeme ukikatika, na ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa mpaka maji yakasikika yakidondoka ndani ya mashine.

"Wote hapa," akasema. Jasho lilikuwa limeanza kumharibia kola. "Nimesikia Chuma ana jambo. Afadhali alitoe hapa mbele ya kila mtu kuliko kulipitisha chinichini. Haya, Chuma. Tunasikiliza."

Chuma alikuwa mezani anapambana na foronya. Akainua uso, akaona chumba kizima kimemtolea macho. "Jambo gani?"

"Si umesema mwenyewe pale mlangoni?" Redio akadakia. "Nimekuuliza hujambo, ukasema nina jambo. Shahidi Mungu."

Kibanio alimwona wifi yake anaelewa. Aliona damu inampanda usoni, kisha inashuka. Na aliona kitu kingine, kwamba mlango uko wazi. Neno moja tu lilitosha. Chuma aseme sijambo, nilikuwa natania, watu wacheke, mashine ziwashwe, yaishe. Kibanio hakusubiri. "Ni utani tu, Bwana Pasi," akaanza, "wifi anapenda..."

Chuma aliinua mkono. Haukuinuka wote, ulifika usawa wa kifua, lakini Kibanio akanyamaza.

"Si utani," Chuma akasema. "Mmekusanyika kwa makosa, lakini mmekusanyika. Jambo langu ni hili." Akavua soksi nyembamba alizozikata na kuzivaa mikononi kufunika vidole, taratibu, kwa kusaidiwa na meno, mbele ya watu wote. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, vyekundu, vimeanza kupinda upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Inaitwa baridi yabisi. Asubuhi mikono hii imefungwa. Siyo uvivu, imefungwa. Kikombe cha chai kina uzito wa ndoo. Kifungo cha gauni ni safari. Jua likipanda inafunguka kidogo kidogo, kama duka la mtu mvivu, na mchana inafanya kazi. Kuna siku haifunguki kabisa. Siku hizo hata shuka likinigusa nalia. Nimekuwa nikiwaambia sijambo kwa sababu niliona aibu. Mliniita Chuma. Chuma kinaumwaje? Nikajificha nyuma ya jina lenu mpaka nikachoka. Daktari kasema ugonjwa hautoki. Pole mnaweza kuniambia, napokea. Msiniambie utapona. Ndilo jambo lenyewe. Nimemaliza."

Yule binti wa shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa foronya. Hapo Redio, ambaye ukimya ulikuwa unamwua kweli, akalipuka: "Na sisi tulidhani unaolewa!"

"Bwana harusi yuko wapi?" Chuma akasema. "Mwiteni haraka, nina vifungo."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Wengine walicheka huku wanajifuta machozi kwa mashuka safi, na Bwana Pasi hakuwakemea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anashusha pumzi ya mtu aliyekoswa na gari. Lakini pumzi ilipomtosha, usimamizi ukamrudia.

"Pole sana, Chuma. Pole kwa dhati. Ila unajua utaratibu. Mgonjwa anakaa nyumbani mpaka apone."

"Sitapona, Bwana Pasi. Ndiyo nimetoka kusema. Sasa hiyo nyumbani ni mpaka lini?"

Bwana Pasi akaivuta kola yake iliyolowa.

"Asubuhi niweke kwenye pasi kubwa," Chuma akasema. "Pale pana joto, vidole vinalainika, nami nitapanga foronya. Chai ikipita, nirudi mezani kwangu. Siku vikikataa, nitakwambia mapema vimekataa. Uongo sitakuletea tena. Huyu binti usimwondoe, ana adabu. Mfundishe kuvuta tu."

"Meza ni kazi ya nguvu," Bwana Pasi akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Nione kwanza."

"Chai ikipita, uje uone."

Chai ilipita. Chuma na Kibanio wakashika shuka, wakarudi nyuma. Watu walijifanya wana kazi, kila mmoja akikunja kitu kilichokwisha kukunjwa. Bwana Pasi alisimama kando. Kibanio aliitazama ile mikono upande wa pili, akaogopa kuiumiza, akavuta kwa upole wote aliokuwa nao.

Shuka likalegea katikati kama tumbo.

"Wifi," Chuma akasema, "unanivuta hivyo, nani kafa?"

"Naogopa."

"Najua unaogopa. Huruma yako imepita humu kwenye shuka mpaka imenifikia, nami inaniumiza kuliko hili. Vuta kama zamani."

"Nitakuumiza."

"Utaniumiza, ndiyo. Ngoja." Chuma alizungusha ukingo wa shuka kwenye mikono yake, juu ya viganja, mara moja upande huu, mara moja upande ule, mpaka nguvu ikashikwa na mifupa mipana ya mikono na siyo vidole. Akajiweka sawa miguu. Alikuwa amefikiria jambo hilo kitandani, ilionekana wazi. Siku zile zote alizoutazama ukuta hakuwa analala tu. "Sasa."

Kibanio hajawahi kufanya kitu kigumu kama kile. Alifumba macho akavuta kwa nguvu zake zote.

Pwa!

Alipofumbua, shuka lilikuwa limenyooka kati yao, na uso wa Chuma ulikuwa umekunjwa. Midomo yake imebanwa, jicho moja limefumba, na jasho jembamba limetokea juu ya mdomo. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akaachia pumzi.

"Limeuma," akasema, "na limenyooka. Njoo tukunje."

Bwana Pasi alikwenda kwenye kijumba chake. Hakuwa amesema ndiyo, lakini kesho yake kiti kirefu kilikuwa kimewekwa karibu na pasi kubwa, na hakuna aliyekiri kukiweka.

Tusidanganyane kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa marahisi. Dawa zilichelewa kufanya kazi na zilimchafua tumbo. Ziko siku Chuma aliongea kama malaika, ziko siku alikuwa mkali kama pilipili, na Kibanio alijifunza kutofautisha ukali wa Chuma na ukali wa viungo. Ziko asubuhi alisali kwa sentensi mbili tu, ya kwanza malalamiko na ya pili shukrani, na ziko asubuhi alisahau ile ya pili. Lakini kule dobi kitu kilikuwa kimebadilika. Redio alikuwa haulizi tena hujambo kwa mkupuo. Anauliza, kisha anangoja, jambo ambalo watu walikuja kulishuhudia kama miujiza. "Jambo lipo?" "Lipo, dogo leo." Au, "Lipo, na limekuja na mizigo." Kwa jibu hilo kila mtu alijua Chuma atakuwa kwenye pasi au mezani, na hakuna aliyemnong'oneza mwenzake.

Kisha ikaja siku mbaya, mbaya kuliko zote tangu arudi. Magoti, viwiko, shingo, vyote viliungana. Kibanio alimkuta asubuhi hawezi kujigeuza. Alimnywesha dawa, akamkanda, akamwinulia mto.

"Nenda kazini," Chuma akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie Bwana Pasi vimekataa."

"Nitakaa nawe."

"Ili tuangaliane? Nenda."

Alipotoka, Kibanio aligeuka mlangoni. Uso wa Chuma ulikuwa umeelekea ukutani.

Siku hiyo alivutana na binti wa shemeji, na hakujua anavuta nini. Bwana Pasi aliulizia mara mbili hali ya Chuma. Redio alimtazama Kibanio akaacha kumtania, na hilo lilimtisha zaidi. Kila shuka alilokunja alimwona mama yake amelala kwa ubavu, na bakuli la uji limewekwa chini, limeshika ngozi juu. Akasema moyoni, Mungu wangu, huyu naye asinipe kisogo. Muda wa kutoka ulipofika hakuaga mtu. Alikwenda nusu akitembea nusu akikimbia, mkono umeshika ubavu, mtandio unaburuzika. Kwenye kona ya nyumba yao mbio zikaisha. Hakuweza kuingia. Alisimama nje ya dirisha la jikoni, ameegemea bati, anasikiliza kama kuna ukimya ule anaoufahamu.

Hapakuwa na ukimya.

"Kaka, hiyo sufuria umeiosha au umeibariki?"

"Nimeiosha."

"Ilete hapa niione. Nasema ilete, siwezi kunyanyuka, kila kitu kinaniuma mpaka nywele. Tazama hapa pembeni. Hii ni nini?"

"Si weusi wa zamani huo?"

"Weusi wa zamani! Utasema ulikuja na nyumba. Sugua. Na acha kunyata, kanyaga chini kama mwanamume, kunyata kwako kunaniongezea ugonjwa."

"Lakini ungelala kidogo, dada."

"Nimelala tangu asubuhi, nimelia huko, nimemaliza. Nimejivuta kwa ubavu mpaka hapa, imenichukua muda mtu angefika sokoni na kurudi. Sasa nimefika, sirudi bila sababu. Mkeo anakuja amechoka, atakuta chai. Wewe utapika, mimi nitatukana. Aa, aa! Maji kwanza, majani baadaye! Uliishi na mama yetu nyumba ipi wewe?"

Sauti ilikatika, ikasikika ile ya kuvuta pumzi kwa meno, ndefu. Kaka yake akauliza kitu kwa kunong'ona.

"Ndiyo, linauma," Chuma akasema. "Wewe sugua."

Kibanio alikaa chini palepale nje, juu ya jiwe la kufulia. Alijua ni wajibu aingie, akamshike, akamrudishe kitandani. Lakini alijipa muda kidogo zaidi wa kumsikiliza wifi yake anavyogombana na sufuria.